SAUTI MBILI KWA MPIGO MMOJA
Mazungumzo juu ya gita la besi, yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Mwaka jana mlizungumziwa juu ya bima ya afya, na mwaka juzi juu ya ufugaji wa nyuki. Safari hii Katibu alinipigia simu akaniambia, "Mzee, tupe kitu cha kuchangamsha. Wewe si ulikuwa mpiga besi? Basi zungumza juu ya besi." Nimekuja nayo, kama mnavyoiona hapa. Kichwa cha maneno yangu ni namna ya kupiga sauti mbili kwa mpigo mmoja katika gita la besi, pamoja na hasara iliyotokea nilipofanya hivyo bila ya kujua nifanyalo. Hasara hiyo haikunipata mimi. Ilimpata mwingine, nami nitaieleza baadaye, maana kusema kweli ndiyo iliyonileta mbele yenu.

Nianze na ala yenyewe, kwa faida ya wale waliokuwa wakikimbilia kwenye mpira wakati sisi tukifanya mazoezi katika stoo ya majembe.

Gita la kawaida lina nyuzi 6. Besi ya kawaida ina nyuzi 4, nazo ni nene. Ukianzia ule mnene kabisa zinaitwa E, A, D na G. Uzi wa E ukiuachia bila kuubonyeza hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, wa A mara 55, wa D mara 73, na wa G mara 98. Zamani besi ilikuwa lile dude la kusimama, refu kuliko mpigaji wake. Mwaka 1951 Bwana Leo Fender, wa California huko Marekani, alianza kuuza besi ya umeme ya kuvaa begani. Aliiita Precision, maana yake usahihi, kwa sababu shingo yake ilikuwa na freti. Freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo. Ukibonyeza uzi nyuma ya chuma, sauti inajipata yenyewe mahali pake. Liwekeni akilini jambo hilo, maana bila freti ni kazi kubwa kuzipata sauti mbili sawasawa kwa wakati mmoja.

Katika muziki wetu wa dansi, magita yamegawana kazi kama watu wa nyumba moja. Solo ndiye msemaji. Sekondi solo humjibu. Rithimu hujaza katikati, hapumziki tangu wimbo uanze mpaka uishe. Besi yuko chini ameshika nguzo. Mtakumbuka tulivyokuwa tukiizunguka redio ya bwalo kuwasikiliza NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964, au Morogoro Jazz wakati Mbaraka Mwinshehe alipokuwa nao, kabla hajaunda Super Volcano mwaka 1973. Marehemu Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, na nadhani kila mmoja wetu hapa anakumbuka alipokuwa siku ile habari ilipofika.

Na mkitaka kusikia besi inayofanya kazi yake barabara, isikilizeni "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyoundwa Nairobi mwaka 1978. Mpiga besi ni Tom Malanga. Sikilizeni jinsi anavyoingia, anasema neno lake, ananyamaza, kisha anarudi. Anapiga sauti moja moja, na katikati yake anaacha nafasi, na ile nafasi nayo inacheza.

Sasa mtu atauliza, kama moja yatosha, ya pili ya nini?

Hapa inabidi niseme juu ya kodi. Namwomba ndugu yetu wa Mapato aliyekaa kule nyuma asishtuke. Hii ni kodi ya muziki. (Kicheko.) Kodi ni sauti tatu au zaidi zikipigwa pamoja. Mwalimu wetu wa kwaya alitufundisha: do, mi, so. Katika hizo tatu, do ndiyo inayosema tuko nyumba gani. So inaongeza nguvu tu. Lakini mi ndiyo inayosema kama nyumba hiyo ina harusi au ina msiba, kwa sababu ukiishusha mi nusu hatua, furaha yote inageuka huzuni. Kwa hiyo mtu akikupa do na mi peke yake, sikio lako litaikisia so bila kuambiwa. Hiyo ndiyo siri ya kwanza: sauti mbili zikichaguliwa vizuri, zinaweza kusimama badala ya tatu. Pale ambapo hakuna gita la rithimu wala kinanda, mpiga besi mmoja anaweza kumshikia mwimbaji wimbo mzima.

Siri ya pili ni kwamba ukizichagua vibaya, unaharibu kila kitu. Hebu sikilizeni. Naweka do katika uzi wa A, freti ya 3, na mi katika uzi wa pili yake, freti ya 2. (Hapa nilipiga. Watu wa mstari wa mbele walikunja nyuso.)

Mmeona? Hiyo ni do na mi halisi, hakuna iliyokosewa, na bado inasikika kama lori la pamba linalopanda mlima. Kwa nini? Do hii hutetemeka mara 65 kwa sekunde na mi hii mara 82. Tofauti yao ni 17 tu. Mitetemo miwili ikikaribiana namna hiyo, sikio haliwezi kuitenga. Linasikia mgongano wao, yaani ule mngurumo. Wataalamu wa mambo ya sauti wanasema kwamba huku chini sikio linahitaji nafasi ya mitetemo kama 100 kwa sekunde baina ya sauti na sauti ili lizipokee kila moja kwa mlango wake. Kule juu kwa mwimbaji, do na mi zina nafasi ya kutosha na zinapendeza. Zikiletwa huku chini zinabanwa kama abiria wa daladala.

Dawa yake ni nyepesi. Iache do palepale chini, halafu ipandishe mi oktava moja juu. Nahamia uzi wa E, freti ya 8. Hiyo ni do ile ile ya 65. Kisha mi naichukua katika uzi mwembamba kabisa, uzi wa G, freti ya 9, nayo inatetemeka mara 165 hivi. Tofauti sasa ni kama 100. Sikilizeni. (Hapa nilipiga, na watu wakasema "Aaa!")

Hiyo inaitwa sauti ya kumi, kwa sababu ukihesabu kutoka do mpaka mi ya juu unapata hatua kumi. Na tazameni jinsi mkono unavyokaa. Do iko freti ya 8, mi iko freti ya 9. Vidole viko jirani kabisa. Nikitaka huzuni, narudisha kidole cha juu freti moja tu, sasa vyote viwili viko freti ya 8, na harusi imekuwa msiba. Shingo ya besi ni ndefu, freti ya kwanza peke yake ina upana unaokaribia sentimita 5, na mtu mwenye vidole vifupi kama mimi hana ubavu wa kutanua mkono. Lakini sauti ya kumi haidai kutanua. Kijana yeyote wa kidato cha kwanza anaweza kuishika. Nashangaa mpaka leo kwamba hatukuigundua katika stoo ile.

Ziko njia nyingine, nami nitazipitia upesi. Ipo do na so, ambayo ni sauti ya tano. Nayo huku chini haigombani sana, kwa sababu tofauti ya mitetemo yao ni kama 33, yaani nusu ya do yenyewe, na sikio linadhani limesikia do nyingine ya chini zaidi. Ni sauti nene, yenye kifua, lakini haisemi kama ni furaha au huzuni. Wapigaji wa muziki wa roki wanaipenda. Yule Mwingereza Lemmy wa bendi ya Motörhead, aliyefariki mwaka 2015, alianza kama mpiga rithimu, na aliposhika besi aliendelea kuipiga kwa kodi kama gita, akijaza pengo la gita la pili. Ipo vile vile do na do ya juu, ambayo ni oktava. Hiyo haikosei kamwe, ila haiongezi habari. Na ukipanda juu kabisa katika nyuzi mbili nyembamba, kuanzia freti ya 9 au ya 10, hata do na mi za jirani huanza kueleweka. Lakini hapo umeacha nguzo, umepanda darini, na chini hakuna mtu.

Mwaka 1976 Jaco Pastorius wa Marekani alitoa sahani yake ya kwanza, na ndani yake kuna kipande "Portrait of Tracy" ambacho karibu chote ni zile sauti za kengele zinazopatikana kwa kuugusa uzi bila kuubonyeza. Sisi wakati ule hatukuwa na habari. Sahani ile niliisikia nikiwa mtu mzima mwenye watoto.

Nitataja na mwingine mmoja kwa sababu ananichekesha. Mwaka 1972, mjini London, Herbie Flowers alipiga besi katika wimbo "Walk on the Wild Side" wa Lou Reed. Kwanza alirekodi besi ya kusimama, kisha juu yake akarekodi ya umeme, sauti ya kumi juu. Ndizo sauti mbili za besi zinazotambaa mwanzoni mwa wimbo. Mwenyewe alieleza kwamba mpigaji wa ala mbili alilipwa mara mbili. Huyo ndiye mpiga besi wa kwanza kumjua aliyepata faida kwa sauti ya pili.

Sasa mkono wa kulia. Wengi wetu tulipiga besi kwa vidole viwili vinavyopokezana, au kwa kipande cha plastiki. Kwa sauti mbili hiyo haifai. Dole gumba linashuka kwenye uzi mnene, kidole cha shahada kinapanda kwenye uzi mwembamba, vyote kwa wakati mmoja, kama unayechota chumvi. Zile nyuzi mbili za katikati huzimwa kwa nyama ya vidole vya mkono wa kushoto, zisije zikaitikia bila kualikwa.

Namna hii ya gumba na shahada si ngeni kwetu. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alipiga hivyo, na wimbo wake "Masanga", uliorekodiwa mwaka 1952 na Hugh Tracey, mpaka leo mtu akiusikia mara ya kwanza huuliza magita ni mangapi. Gita ni moja. Gumba linatembea chini, shahada inaongea juu. Na kabla ya gita, Wagogo wana ilimba, inayopigwa kwa magumba mawili. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliipeleka duniani kote. Kwa hiyo kijana akikuambia kupiga sauti mbili ni mambo ya Wazungu, mwambie akamwulize babu yake.

Neno moja zaidi la ufundi, kisha nitoke huko. Sauti mbili kwa pamoja ni hakimu mkali. Ukipiga moja moja, besi iliyolegea kidogo haijulikani. Ukipiga mbili, uongo wote unatoka nje. Hata kuzikaza nyuzi tunatumia ujanja huo huo. Unaugusa uzi wa E juu ya freti ya 5 na uzi wa A juu ya freti ya 7, unaziachia zilie kengele pamoja. Kama hazijapatana utasikia mawimbi, wau-wau-wau. Kadiri unavyokaza ndivyo yanavyopungua kasi, mpaka yanakaribia kusimama kabisa. Na nyuzi zilizochakaa hazipatani hata ufanyeje, maana zimeliwa na freti na jasho, haziko sawa tena urefu wote. Sisi tulikuwa tukizichemsha katika sufuria ya jikoni ili zirudishe sauti. Wapishi waliopo wanisamehe. (Kicheko.)

Basi nifike kwenye usiku wenyewe.

Ilikuwa mwaka 1976, nasi tuko kidato cha nne, katika dansi la kuagana. Wasichana wa shule jirani wamekuja kwa lori. Tumepewa ruhusa mpaka saa tano. Bendi yetu ilikuwa na magita matatu na amplifaya mbili. Solo alikuwa na yake. Rithimu na besi tulichangia moja, tuliyoazima mjini. Mpiga rithimu wetu sitamtaja jina, lakini nikisema yule wa bweni la pili aliyekuwa akivaa kofia ya sufu hata mwezi wa pili, wote mnamjua. Alikuwa rafiki yangu. Tulianza pamoja kidato cha kwanza, kitanda chake cha juu na changu cha chini.

Wiki ile nilikuwa nimegundua kwamba nikibonyeza nyuzi mbili za chini pamoja, do na mi, mngurumo unatoka ambao unatikisa madirisha. Nilidhani nimevumbua kitu. Na kwa kuwa wasichana walikuwa wamekaa upande wa spika yangu, niliona kila sababu ya kukifanya tena na tena.

Mwimbaji alipoteza sauti katika wimbo wa tatu, hakujua ashike wapi. Rithimu alinisogelea akaniambia sikioni, "Toa kidole kimoja." Sikutoa. Katika wimbo wa nne akaniambia tena, "Bwana, toa kidole kimoja, mimi nipo." Nayakumbuka maneno hayo mawili, mimi nipo. Maana yake ni kwamba kazi ya mi ilikuwa yake. Alikuwa akiipiga pale pale, juu, mahali pake, kwa mkono usiochoka, na mimi nilikuwa nikiifunika kwa kelele. Nikazidisha.

Lazima niwaeleze kwa nini jambo hilo ni la hatari hata mbali na masikio. Spika husukuma upepo kwa karatasi yake kwenda mbele na kurudi nyuma. Sauti ya chini huitaka karatasi iende mbali zaidi kuliko sauti ya juu. Ukiipa sauti mbili za chini zenye nguvu sawa, kuna nukta ambapo mawimbi yote mawili yanapanda pamoja, na karatasi inasukumwa mara mbili ya umbali wake. Rithimu alikuwa amekwisha sikia spika inakoroma. Akaweka gita lake chini, akaenda nyuma kwenye amplifaya kupunguza sauti yangu. Alipoinama kushika kitufe, mimi nikapiga pigo kubwa kuliko yote. Karatasi ikachanika. Dansi likaisha saa tatu na nusu.

Asubuhi tuliitwa. Swali la mwalimu wa zamu lilikuwa moja: nani alikuwa wa mwisho kugusa amplifaya? Nusu ya shule ilimwona yeye. Akasema, "Mimi, mwalimu, lakini nilikuwa napunguza." Aliulizwa, "Unapunguza, kisha inapasuka?" Hakuwa na jibu. Mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikiwa kiranja, nimevaa beji. Nilitazama viatu vyangu.

Alichimba shimo la taka kwa wiki nzima, wiki ile tuliyokuwa tukijisomea mtihani. Aliondolewa katika bendi. Fedha yake ya tahadhari haikurudishwa, ikaenda kulipia spika, na baba yake, mkulima wa mihogo, alipata barua kwamba mwanawe ameharibu mali. Yule mwalimu sina neno naye. Aliamua kwa aliyoyaona. Aliyeficha jambo ni mimi.

Baada ya shule tuliachana kama watu wanavyoachana. Nilipata kazi, naye akapata yake. Tulikutana mara mbili tatu katika misiba, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za watoto. Sikusema kitu. Nilikuwa nikijiambia kwamba ni mambo ya utoto.

Mwaka 2017 nilipata habari kwamba amepata kiharusi, na mkono wa kushoto umepooza. Wenye kupiga gita mnajua mkono wa kushoto ni nini. Nilikwenda kumwona. Shemeji alinikaribisha, akaniwekea kiti karibu na kitanda. Gita lake lilikuwa limening'inizwa ukutani, limefunikwa kanga. Nilikaa muda mrefu, tukazungumza juu ya mvua. Hatimaye nikamwambia, "Ndugu yangu, ile spika niliichana mimi."

Alinitazama. Kiharusi kilikuwa kimemwachia sauti, tena nzuri. Akasema, "Najua. Ulikuwa ukipiga kama mtu anayeburuta kabati. Nani mwingine angeweza kuipasua?"

Nikamwuliza kwa nini hakusema siku ile. Akajibu, "Nilisema napunguza. Nilidhani wewe utamalizia."

Sina la kuongeza hapo, ndugu zangu. Nimelala nayo sentensi hiyo usiku mwingi.

Nilipoaga akaniambia, "Sasa usiende bure. Mimi rithimu siwezi tena, lakini kuimba naweza. Wiki ijayo njoo na besi yako unipigie rithimu." Nikamwambia, besi haipigi rithimu. Akasema, "Wewe si fundi wa sauti mbili?" Akacheka mpaka shemeji akaja kutazama kuna nini.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza haya niliyowaonyesha leo, nikiwa na umri wa kustaafu. Nilianza na sauti ya kumi ya do, nikatafuta ya fa, nikatafuta ya so. Kodi tatu hizo zinatosha nyimbo nyingi sana za dansi letu. Mwanzoni nilimchosha. Alinisimamisha kila baada ya mistari miwili: "Mi yako kubwa mno, mi inatakiwa iwe ndogo kuliko do, kama mtoto anayemfuata baba yake." Ndiyo mafunzo ya rithimu ambayo angalinipa mwaka 1976 kama ningalimsikiliza. Alinifundisha kwamba gumba ligonge kwa uzito na shahada iguse tu. Alinifundisha kuiacha ile mi katika mistari ambayo mwimbaji mwenyewe anaiimba, nisimkanyage. Nimekwenda karibu kila Jumamosi tangu wakati huo, isipokuwa nikiumwa au akiumwa.

Nimejifunza tofauti ya usiku ule na Jumamosi hizi. Usiku ule niliongeza sauti ya pili wakati mwenyewe yupo, ananiambia yupo. Siku hizi ninaipiga kwa sababu mkono wake hauwezi, na kwa sababu ameniomba. Noti ni zile zile, do na mi.

Nilimwomba ruhusa niwaeleze haya. Akasema niseme, mradi nisimfanye marehemu. Basi si marehemu. Ndiye yule aliyekaa mstari wa mbele, na kofia yake ya sufu, katika joto hili. (Makofi ya muda mrefu.)

Ndugu Mkuu wa Shule, wewe hukuwapo wakati ule, na barua ile iliyoandikwa nyumbani kwao haiwezi kurudishwa. Baba yake alifariki akiiamini. Lakini najua shule ina kitabu cha kumbukumbu za adhabu. Kama kitabu cha mwaka 1976 bado kipo, naomba kando ya jina lake paandikwe kwamba hakufanya kosa, na chini yake liandikwe jina langu. Nimekuja na kalamu.

Na Ndugu Mwenyekiti, nina ombi moja kwa wenzangu. Nimepita katika stoo ya zamani asubuhi. Majembe yapo, ala hazipo. Vijana wa siku hizi nimeona wanafanya mazoezi kwa gita moja lenye nyuzi nne kati ya sita. Mimi nitaleta amplifaya mbili kabla ya muhula ujao, moja ya rithimu na moja ya besi, ili asiwepo mtu tena wa kwenda kugusa kitufe cha mwenzake. Mweka Hazina anazo bahasha kwa ajili ya nyuzi. Mwenye kidogo atoe kidogo.

Maneno yangu yamekwisha. Kilichobaki ni wimbo mmoja, ambao mwenzangu atauimba akiwa ameketi, nami nitamshikia hapa kwa sauti mbili. Kama mtasikia mngurumo, mpigieni kelele mpiga besi. Safari hii mtamjua ni nani.